Msusi ndiye aliyeiona kwanza

Ilikuwa Jumamosi, kwenye saluni ya chumba kimoja huko Tandika, yenye feni inayozunguka kwa kusuasua na televisheni iliyowekwa tamthilia ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kichwa kati ya magoti ya msusi, nafumuliwa rasta za miezi miwili. Msusi alikuwa ananipa habari za mume wa mtu. Katikati ya sentensi akanyamaza. Msusi akinyamaza katikati ya umbea, jua kuna jambo.

"Dada, huku nyuma nani kakunyoa?"

Nikamwambia hakuna aliyeninyoa. Akanishika mkono, akapeleka kidole changu mpaka kisogoni. Nikagusa ngozi tupu, laini kama shavu la mtoto mchanga, haina kipele, haina ukurutu, haiumi wala haiwashi. Akachukua simu yangu akapiga picha, akanionyesha. Lilikuwa duara safi, ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, limekaa palepale ambapo mtu hawezi kujiona mwenyewe hata akisimama mbele ya kioo cha kabati. Kandokando yake nywele zilikuwa zimejaa kama kawaida.

Wateja wakasogea kutazama. Katika dakika tano nilipewa magonjwa manne. Wa kwanza alisema ni mashilingi, fangasi hizo, nimechangia chanuo na mtu. Wa pili alisema ni dawa ya kulainisha nywele, ilikaa sana ikachoma. Wa tatu, mama wa makamo aliyekuwa chini ya draya, alitaka kujua nywele zangu zinazotoka nikichana huwa nazitupa wapi. Nikamjibu kwenye taka. Akatikisa kichwa. "Basi zimeokotwa." Wa nne hakusema kitu. Alinitazama mikono, akanitazama shingo, akashusha macho. Aliyekulia Dar es Salaam miaka ya tisini anayajua macho yale. Nywele kunyonyoka ilikuwa mojawapo ya dalili ambazo mtaa ulizitumia kumhukumu mtu kuwa ana "ngoma", yaani Ukimwi, kabla hata hajafika kupima.

Msusi wangu hakutoa jina lolote. Aliuliza tu, "Nikusuke nifunike?" Akasuka twende kilioni, misuko ya juu ikashuka ikaziba pengo, na nikatoka pale nikiwa mtu wa kawaida. Namshukuru mpaka leo kwa upole ule. Ila alifunika vizuri mno, nami nikasahau kwa miezi minne.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu unaitwa alopesia ariata. Neno la kwanza lina asili ya Kigiriki na linatokana na jina la mbweha, kwa sababu Wagiriki wa kale waliona mbweha wenye upele wakinyonyoka manyoya kwa mabaka. Kiswahili hakina jina lake la mtaani, na nadhani hapo ndipo tatizo letu linapoanzia. Tunayo majina ya majirani zake wote. Mapunye tunayo, mashilingi tunayo, vibarango, mba, kipara cha wazee. Huyu aliyekuja bila jina tunamvika jina la jirani, kisha tunampa dawa ya jirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Siku rasta zilipofumuliwa tena, sarafu ilikuwa imekuwa kifuniko cha chupa ya chai, na sarafu nyingine mbili zilikuwa zimezaliwa juu ya sikio la kushoto. Nikaenda duka la dawa. Kijana wa dukani hakutaka kuona kichwa. Niliposema "mabaka ya duara" alikuwa ameshageukia rafu. Nikapaka krimu ya fangasi wiki sita. Mapunye kweli yapo, hasa kwa watoto wa shule, lakini yana alama zake: ngozi huwa na magamba, nywele hukatikia karibu na ngozi zikabaki vinukta vyeusi, mtoto hujikuna, na wakati mwingine tezi za shingoni huvimba. Tena mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka, kwa kuwa fangasi wameingia ndani ya unywele, hivyo mtoto hupewa vidonge. Kwa maneno mengine, hata kama ningekuwa na mapunye, ile krimu ingekuwa ya bure.

Baada ya krimu nikaingia jikoni. Shangazi yangu wa Mbagala alinitwangia kitunguu swaumu, nikapaka usiku, mume akahamia sebuleni. Nilipohamia kitunguu maji nikadhani nimefika mwisho wa ujinga, mpaka baadaye nilipokuja kusoma kwamba mwaka 2002 madaktari wa ngozi wa Baghdad walichapisha jaribio la maji ya kitunguu kwa ugonjwa huuhuu. Katika watu 23 waliopaka mara mbili kwa siku, 20 waliota nywele ndani ya wiki sita. Kabla hujakimbilia sokoni Tandika kununua gunia, ngoja kidogo. Watu 23 hawajazi hata daladala moja, na ugonjwa wenyewe una tabia ya kuondoka bila kufukuzwa: kwa wenye mabaka machache, karibu nusu huota nywele ndani ya mwaka hata wasipopaka chochote. Kwa ugonjwa wa namna hiyo kila mganga ana ushuhuda, kila chupa ya mafuta inayouzwa kwenye mitandao ina picha ya kabla na baada, na kila shangazi ana haki ya kujisifu.

Mimi sikuwa katika ile nusu.

Aliyenipokea hospitalini, kwenye chumba cha magonjwa ya ngozi, hakuwa profesa. Alikuwa tabibu wa makamo, mmoja wa wale waliosomea Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992, na kazi yake kubwa imekuwa kuwachukua matabibu wa kawaida kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafundisha ngozi, kwa kuwa madaktari bingwa wa ngozi wakisubiriwa watoshe, watu wataoza. Huyu wangu alifanya mambo matatu ambayo hayakuhitaji umeme. Alishika kifungu cha nywele pembezoni mwa baka akavuta taratibu, zikatoka sita bila maumivu. Akaulaza mmoja juu ya karatasi nyeupe akanipa lenzi: ulikuwa mfupi, mnene juu na mwembamba chini, umbo la alama ya mshangao. Kisha akaniambia nifute rangi ya kucha. Chini ya rangi kulikuwa na vishimo vidogovidogo, kama mtu alidonoa kucha zangu kwa ncha ya sindano. Nilikuwa nimeviona mwaka mzima nikidhani ni rangi mbovu ya Kariakoo.

Akauliza kama kuna mtu kwetu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, au mbalanga. Nikamkumbuka shangazi mwingine, wa Kilwa, mwenye mabaka meupe mikononi toka usichana wake. "Basi ni ukoo mmoja," akasema, na hakuwa na maana ya ukoo wetu.

Alivyonieleza ni hivi. Kila unywele unaota kutoka kwenye kijifuko kilichozama ndani ya ngozi, tukiite shina. Shina linapokuwa kazini huwa limejificha, askari wa kinga ya mwili hawalioni, au wakiliona wanapita. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu maficho yanafunuka. Chembe nyeupe za damu, zilezile zinazopigana na mafua na malaria, zinalizunguka shina na kulishambulia kama mgeni. Wanaotazama vipande vya ngozi kwenye darubini wamezoea kusema kwamba mkusanyiko ule unafanana na kundi la nyuki. Shina linaposhambuliwa linaacha kazi, unywele unadondoka. Lakini halifi. Linabaki palepale chini limelala, miezi, miaka, hata miaka kumi, na nyuki wakiondoka linaweza kuamka.

"Shina liko hai," alisema, akigonga karatasi kwa kalamu. "Hilo ndilo swali la kwanza. Mengine baadaye."

Nilimuuliza kuhusu msongo wa mawazo, kwani kila mtu aliniambia niache kuwaza. Akasema wagonjwa wengi hukumbuka tukio zito kabla ya nywele kutoka, ila ushahidi wa kisayansi haujakaa sawa, kuna utafiti unaosema ndiyo na mwingine unaosema hapana. Nami nikawaza kimoyomoyo: naishi Mbagala, nafanya kazi mjini, msongo ninao kila alfajiri kituoni Rangi Tatu nikigombea mlango. Ungekuwa ndio huo, Temeke nzima ingekuwa kipara.

Makadirio yanayotumika na wataalamu, yaliyotokana na takwimu za Marekani, ni kwamba watu kama 2 katika kila 100 watapata ugonjwa huu wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Piga hesabu mwenyewe: kama makadirio yale yanatufaa hata sisi, ni zaidi ya watu laki moja katika jiji hili. Wengi wao watapata baka moja au mawili tu, litakuja na kwenda chini ya kilemba. Wachache watapoteza nywele zote za kichwa, na wachache zaidi watapoteza mpaka kope na vinyweleo vya mikono.

Mpenzi wa mpira amemwona mmoja wao mara nyingi bila kujua. Mwamuzi Pierluigi Collina, yule Mwitaliano wa macho makali, alipoteza nywele zote, nyusi na kope, kwa alopesia akiwa na miaka 24. Ndiye aliyechezesha fainali ya Manchester United na Bayern Munich ya mwaka 1999, na fainali ya Kombe la Dunia ya Brazil na Ujerumani huko Yokohama mwaka 2002. Nilipomtaja kijiweni kwetu, vijana wakabisha. Walidhani anajinyoa ili kuwatisha wachezaji.

Narudi kwenye shina, maana si kila upara una habari njema kama yangu. Kuna magonjwa ambayo shina linakufa, mahali pake panaziba kovu, na hapo hakuna sindano wala kitunguu kitakachoamsha kitu. Mojawapo ni ndugu mwingine wa kinga kujishambulia: lupasi. Katika kila watu 10 wenye lupasi ya mwili mzima, 9 ni wanawake, na watu weusi huupata zaidi na kwa ukali zaidi kuliko weupe. Nywele za mbele huwa dhaifu, zinakatika zenyewe. Lakini pia viungo vinauma, vidonda vinatoka mdomoni, uso unawaka ukipigwa na jua, na figo zinaweza kuharibika kimyakimya. Ipo aina yake inayokaa kwenye ngozi tu, inayoacha mabaka yenye magamba na makovu usoni, masikioni na kichwani. Yale makovu ya mashavuni ya mwimbaji Seal, ambayo nilipokuwa mdogo tuliambiwa ni chale za kabila, ni kazi ya lupasi hiyo. Baka la namna hii halifanani na langu. Ngozi yake imebadilika rangi, katikati imefifia, pembeni imekoza, na ukilipapasa unahisi kovu. Linawasha, linaungua. Anayeliona asisubiri hata wiki, kwani kila shina linalokufa halirudi, na dawa kazi yake ni kuokoa yaliyobaki.

Wengine wawili hawahesabiwi katika ukoo wa kinga kujishambulia lakini wanajaza saluni zetu, kwa hiyo siwezi kuwapita. Upo upara wa utosini unaotanuka polepole kama duara, unaowashika zaidi wanawake weusi wenye umri wa makamo. Mwaka 2019 watafiti waliwaona baadhi yao wana kasoro katika jeni moja inayohusika na umbo la unywele. Huo nao unaacha kovu. Na upo upara wa kuvutwa, ule unaorudisha nyuma nywele za paji la uso na za juu ya masikio. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliokaguliwa huko Afrika Kusini wanao. Rasta zikibana mpaka ukashindwa kufumba macho usiku wa kwanza, mpaka unameza vidonge vya maumivu ili ulale, huo si urembo tena. Ukiwahi kuacha, nywele zinarudi. Ukiendelea miaka, shina linakufa kama lilivyokufa kwa lupasi.

Tiba yangu ilikuwa sindano. Si ya begani. Ni sindano nyembamba ya dawa ya steroidi inayochomwa ndani ya ngozi yenyewe ya kichwa, tone hapa, tone pale, sentimita moja moja, mpaka baka lote limezungukwa. Kwenye baka la kisogoni nilihesabu kumi na nne. Muuguzi alikuwa ananipepea kwa kadi yangu ya kliniki. Inauma kama kung'atwa na siafu, kisha inapita, unapangusiwa damu kwa pamba ya spiriti, unaambiwa uje baada ya wiki nne hadi sita. Safari ya tatu vinyweleo vikaanza kutokea, vyeupe kabisa. Hii ni kawaida, rangi hufuata baadaye. Msusi wangu alipoviona akacheka mpaka akakaa chini: "Dada, umezeeka kisogo tu!"

Kwa mabaka ya juu ya sikio nilipewa krimu kali ya kupaka, ya steroidi pia. Nilipolisoma jina lake nikashtuka, maana dawa za jamii ile nilizijua zamani, ila si kwa kazi hiyo. Zimo ndani ya mikorogo mingi inayouzwa kwa kificho kwa ajili ya kujichubua. Dada wa mtaani kwetu anajipaka usoni bila kuandikiwa, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na mishipa inaonekana. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo, kwa muda na mahali palipoelekezwa, ni tiba halali. Wala usimpake mtoto wako wa darasa la tatu kwa sababu umesoma makala hii.

Zipo dawa mpya. Mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwamo mtaalamu wa jenetiki Angela Christiano ambaye mwenyewe ana ugonjwa huu, ilionyesha kwamba ukizima njia fulani ya mawasiliano kati ya chembe za kinga, nyuki wanatawanyika na nywele zinaota. Juni 2022 Marekani ikaidhinisha kidonge cha kwanza, barisitinibu, kwa watu wazima wenye ugonjwa mkali. Katika majaribio ya watu 1,200, kati ya waliopewa dozi kubwa, zaidi kidogo ya theluthi moja walipata tena asilimia 80 ya nywele za kichwa baada ya wiki 36. Kwa mtu aliyekuwa hana kitu, ni muujiza. Lakini bei yake ni maelfu ya dola kwa mwaka, ukiacha kumeza mara nyingi nywele zinadondoka tena, na kwa kuwa dawa inaituliza kinga, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kwa hiyo anayekutumia ujumbe kwamba anazo Kariakoo, zimetoka India, huna haja ya vipimo, mwache nazo.

Sindano zilinisaidia kichwani. Hazikunisaidia usoni. Mwaka jana nusu ya nyusi ya kushoto iliondoka, kisha yote, kisha ya kulia ikaifuata. Hapo nikajifunza nyusi ni za nini. Si pambo. Januari, saa nane mchana, ukiwa umebanwa katikati ya basi, jasho la paji la uso linashuka moja kwa moja machoni, na chumvi yake inachoma. Waliopoteza kope wananiambia habari ya vumbi, na waliopoteza vinyweleo vya puani wanasema makamasi yanachuruzika bila taarifa. Huwezi kulijua hilo mpaka likupate.

Kuhusu sura, jiji lilinistiri lenyewe. Dar es Salaam wanawake wengi wananyoa nyusi zao kwa hiari wakachora za wanja. Nami nachora. Siku ya kwanza nilizichora moja juu, moja chini, nikafika kazini ninafanana na mtu anayeuliza swali. Siku hizi dakika mbili zinatosha, kwenye kioo cha simu, bajaji ikiwa kwenye foleni. Hakuna aliyegundua. Wenzangu wawili wameniuliza nanunua wapi wanja.

Wigi nililijaribu. Wigi zuri linasaidia wengi, silibezi. Langu lilikuwa la plastiki, joto lake ni la chungu cha wali, na nilipopanda bodaboda dereva akanipa helmeti. Kuivaa kulikuwa rahisi. Kuivua pale Mtongani mbele ya wauza mahindi, ikatoka na wigi ndani yake, hiyo nawaachia mjichoree wenyewe. Nilirudi kwenye kilemba. Mwanamke wa pwani ana bahati ya kilemba, ushungi na mtandio, vazi lililokuwapo kabla ya ugonjwa na halimtangazi mtu. Tatizo ni pale vazi linapovuliwa: kwenye singo ya bi harusi, kwenye sherehe ya wanawake watupu, chumbani kwa mume mpya. Na mara nilipokaa kichwa wazi nyumbani, baada ya kunyoa chote ili kisiwe na mabaka, jirani mwenye asili ya bara aliingia, akaniona, akaketi kwa huzuni. "Pole sana jamani. Nani kafariki?" Kwao mwanamke ananyolewa msiba ukimfika.

Mtoto ana mtihani wake. Shule zetu za serikali zinanyoa wote, wasichana kwa wavulana, na nilidhani jambo hilo lingemfichia mtoto mwenye alopesia. Linamfichia yule aliyepoteza zote. Mwenye baka moja linamwanika: kichwa kikiwa na nywele za nusu sentimita, duara linaonekana toka mstari wa nyuma wa gwaride. Wenzake wanahama dawati, na mwalimu mwenye nia njema anamrudisha nyumbani mpaka apone "fangasi". Ugonjwa huu hauambukizi. Si kwa chanuo, si kwa mashine ya kinyozi, si kwa kofia, si kwa kulala kitanda kimoja. Mzazi akipata barua ya tabibu yenye maneno hayo, aitoe nakala tatu: ya mwalimu wa darasa, ya mwalimu mkuu, na ya kubaki nayo, kwani mwaka unaofuata mwalimu atabadilika.

Wiki iliyopita nilikuwa Tandika tena, kigodani. Msusi akaniambia kwamba toka kwangu ameshawaona wengine watano. Wawili kisogoni, mmoja utosini pana kovu, mmoja mtoto, na mmoja mwanamume aliyeletwa na mkewe akiwa na shimo kwenye ndevu. Nikamuuliza aliwaambia nini. Akasema yule wa utosini alimwambia siku ileile asisukwe, aende hospitali, maana palikuwa pamekauka "kama ngoma". Hakusomea popote. Alitazama tu, akapapasa.

Kwa hiyo nawaandikia nyinyi, wasusi na vinyozi wa Temeke, Mbagala, Mwananyamala, Tandale mpaka Bunju. Kisogo cha mteja mnakiona nyinyi kabla yake, kabla ya mumewe, kabla ya daktari. Mkikuta duara, msilifunike kabla hamjamwambia. Mpigeni picha kwa simu yake, mwonyesheni pembeni, si mbele ya foleni, msimpe jina la ugonjwa wala mafuta ya dukani kwenu. Mwambieni aende chumba cha ngozi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Temeke, Mwananyamala au Amana, na aulize swali moja: shina liko hai? Halafu msukeni taratibu.